Pishi Iliyobonyezwa

Wanangu mlioko vyuoni,

Nikiwa mtoto nilitumwa dukani kununua pishi ya mchele. Pishi ni vibaba vinne, kila mtu alijua. Usiku ule wali haukutosha. Sisi wadogo tukaambulia ukoko. Kesho yake mama akaenda mwenyewe, akaigeuza pishi ya muuzaji. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Akamwambia: "Pishi imemdanganya mwanangu, sufuria haikunidanganya mimi."

Nimefundisha chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini, na sijapata neno la kuwausia linaloizidi kauli hiyo.

GPA ni pishi, na cheti ni pishi. Vimewekwa ili asiyekujua aweze kukuamini: mgonjwa asiye na nafasi ya kukutahini kabla hujamchoma sindano, abiria anayevuka daraja ulilolipigia hesabu. Ukiangalizia, msimamizi wa mtihani unamdanganya kwa saa tatu. Mgonjwa na abiria utawadanganya maisha yako yote.

Najua mnachokiogopa. Sapu ya kurudia mtihani inatisha, disko ya kuondolewa chuoni inatisha zaidi, na nyumbani yupo mzazi aliyeuza ng'ombe ili usome. Hofu hiyo siidharau, maana ndiyo inayowafanya hata vijana wema wakubali kuandikiwa risechi. Nilimsimamia mmoja wa aina hiyo. Tasnifu yake ilipita bila doa kwenye programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa. Nikamwuliza, "Wahojiwa wako uliwapataje?" Kimya. Nikamfungulia jedwali la sura ya nne, nikamwomba anieleze linasema nini. Machozi yakamtoka. Programu ilikagua maneno. Haikuwa na njia ya kujua kama yeye anayaelewa. Leo akili mnemba itakuandikia sura hiyo kwa dakika chache, na swali langu litakuwa lilelile.

Kwa jirani zetu Kenya wapo vijana wenye vichwa vizuri wanaopata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Maarifa yanabaki Nairobi, shahada inavalishwa joho ng'ambo. Mwaka 2022 sheria ya England iliharamisha kuuza huduma hiyo. Lakini hakuna sheria itakayomrudishia mnunuzi yale ambayo hakujifunza.

Wala pishi haibonyezwi na wanafunzi peke yao. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa namba 2 katika orodha maarufu ya ubora wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, mwalimu wa hisabati wa hapohapo, alizikagua takwimu ambazo chuo chake kilizipeleka, zikiwemo za ukubwa wa madarasa, akaonyesha hadharani kwamba hazikubaliki. Chuo kikakiri kasoro, kikaporomoka hadi namba 18. Madarasa yalikuwa yaleyale, walimu walewale. Kesho baadhi yenu mtakuwa wahadhiri, mtahesabiwa makala, na vyuo vyenu vitashindania orodha kama hizo. Mkumbukeni mwalimu yule aliyeigeuza pishi ya nyumbani kwake mwenyewe.

Na hapa kwetu Tanzania, mmesahau mwaka 2017? Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliwakuta 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na watoto wanaosoma na nyumba inayomtegemea. Uongo wa ujanani ulingoja hadi wawe na kitu cha kupoteza.

Basi fanyeni hivi. Kabla hujakabidhi kazi yoyote, weka karatasi pembeni, umweleze mwenzako ulichoandika kwa maneno yako. Ukikwama, kazi hiyo bado si yako, rudi mezani. Ukitumia wazo la mtu, mtaje. Mwenzako akikuomba umwandikie, kaa naye umfundishe hadi usiku wa manane. Na ikibidi kupata sapu, ipokee, uirudie kwa haki. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ulichokijaza mwenyewe hakuna uhakiki utakaokuja kukipunguza.

Siku moja utasimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, au mbele ya darasa la watoto, na hakuna atakayekuuliza GPA. Hiyo ndiyo sufuria, wanangu. Siku hiyo wali utoshe.