Kumpima Kijana kwa Kesho Yake
Sheria ya probesheni, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1946, humwacha mkosaji akae kwao akiangaliwa na afisa, kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Kabla ya hukumu, afisa huenda mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Pumwani na Kaloleni, akauliza: kijana huyu aishi na nani? Rafiki zake ni nani? Ana kazi? Kwa majibu hayo hupima kama yaelekea atarudia kosa.

Je, ni haki kumpima mtu kwa kosa ambalo hajalitenda? Twaona ni haki ikiwa kipimo chaonyesha msaada umfaao. Ni dhuluma kikiwa ni adhabu ya kuzaliwa mtaani.

Na jirani amnyimaye kazi, kisha akasema, "Nilijua atarudia," huyo hakubashiri, amesaidia kosa. Basi, ndugu zetu, hapana budi nasi tujipime.