Deni Asilolijua Mdaiwa: Je, Sahihi ya Mkataba Yatosha Kuwa Haki?

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa ndugu zetu wapya, na pia kutoka kwa watafuta ukweli wasiokuwa Waislamu, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la karatasi za benki tu, wala si la dini. Huuliza hivi: Mtu ameweka fedha zake benki. Siku moja, bila yeye kutambua, salio lake lapungua kuliko malipo yanayotakiwa. Benki yamlipia, au yakataa kumlipia, kisha yamkata ada kubwa. Je, mtu huyu amedhulumiwa, au amevuna alichopanda kwa uzembe wake? Na kwa kuwa alitia sahihi yake alipofungua akaunti, je, anayo haki yoyote ya kulalamika?

Ni swali zuri, kwani ndani yake limo swali kubwa zaidi: Je, kila lililoandikwa katika mkataba na kuruhusiwa na sheria ya nchi huwa ni haki mbele ya Mwenyezi Mungu? Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, amefundisha kwamba dini ina sehemu mbili: haki za Mwenyezi Mungu, na haki za viumbe Vyake. Basi asidhani mtu kwamba dini humngoja msikitini, na akifika dirisha la benki huachana naye.

Kwanza yatupasa tulielewe jambo lenyewe. Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako mabishano juu ya ada hizi yalifika hata katika mahakama ya juu kabisa ya nchi. Tuseme mfanyakazi ana pauni 12 katika akaunti yake, na mshahara wake utaingia Ijumaa. Jumatano kampuni ya umeme yachukua malipo yake ya pauni 15, kama ilivyoagizwa zamani. Zimepungua pauni 3. Katika miaka ile ya 2000 na kitu, benki ingeweza kumlipia upungufu huo, yaani kumkopesha bila yeye kuomba, jambo liitwalo ovadrafti isiyopangwa. Au ingeweza kuyarudisha malipo. Kwa vyovyote viwili angetozwa ada, na mara nyingi ada hiyo ilifika pauni 30 au zaidi. Upungufu wa pauni 3 umezaa deni la pauni 30. Mshahara ukiingia Ijumaa, ada huchukuliwa kwanza. Na kwa sababu hiyo mwezi unaofuata fedha hazitoshi tena, na ada nyingine huzaliwa. Wazee wetu walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini maskini huyu hata harusi yenyewe hakuiona. Ameamka tu akajikuta matangani.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, kwani Mwislamu haruhusiwi kuhukumu kwa kusikia upande mmoja. Benki husema: Masharti tuliyaandika, naye akayakubali. Hatukumlazimisha kutumia zaidi ya alichonacho. Tulibeba hatari kwa kumlipia. Kama angeiangalia hesabu yake, yasingempata haya.

Hoja hizi zina uzito, wala hatuzidharau. Kurani Tukufu yaamrisha waaminio watimize mapatano yao (5:2). Na Hadhrat Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akiomba mara kwa mara katika sala ajikingwe na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uwongo, na akiahidi huvunja ahadi. Kwa hiyo kutoijua hesabu yako si uchaji Mungu wala si kutegemea Mungu. Mwenye kuacha fedha zake bila kuziangalia, kisha akasema ni majaaliwa, ameyasingizia majaaliwa. Mpaka hapa benki yasema kweli.

Lakini je, kosa dogo la mtu humhalalishia mwenzake achukue chochote apendacho? Hapa ndipo panapotakiwa fikira.

Tarehe 25 Novemba 2009, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi baina ya idara ya serikali iliyosimamia haki katika biashara na mabenki saba pamoja na chama kimoja cha akiba na mikopo ya nyumba. Idara ilitaka ipewe nafasi ya kupima kama ada hizo ni za haki, kwa kufuata kanuni za mwaka 1999 juu ya mikataba ya wanunuzi. Mahakama ikaamua kwamba ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma zote za akaunti, na kwamba chini ya kanuni hizo idara haikuweza kuzipima kwa kuzilinganisha na huduma iliyotolewa. Mabenki yakashinda. Hata hivyo, majaji wenyewe walieleza wazi kwamba hawakuamua kuwa ada hizo ni za haki; swali hilo halikuwa mbele yao.

Tazameni, enyi wasomaji wapenzi, tofauti iliyopo baina ya kushinda kesi na kuwa na haki! Hadhrat Mtume s.a.w. alikwisha kuifundisha tofauti hii karne nyingi zilizopita. Aliwaambia watu waliomletea madai yao kwamba yeye ni binadamu tu. Huenda mmoja wao akawa fasaha zaidi katika kutoa hoja, naye akamhukumia kwa kadiri ya alivyosikia. Basi aliyepewa kwa njia hiyo haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha Moto. Subhanallah! Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haiwezi kugeuza haki ya mwingine ikawa halali, itakuwaje hukumu ya mahakama nyingine yoyote? Na itakuwaje sahihi iliyotiwa chini ya kurasa nyingi za maandishi madogo?

Basi kipimo ni kipi? Kurani Tukufu imetupa kipimo ambacho watu wengi hukisoma bila kukizingatia. Katika aya ndefu ya deni (2:283) waaminio wanaamrishwa waliandike deni lenye muda, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Lakini ni nani atakayemsomea mwandishi maneno ya kuandika? Si mwenye mali. Ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa! Na akiwa hana akili ya kutosha, au ni dhaifu, au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Hekima yake ni dhahiri. Mtu atamkaye deni lake kwa kinywa chake hawezi kufunikwa macho. Anajua anadaiwa nini, na nani, na mpaka lini. Mwenye nguvu ameondolewa kalamu, na mnyonge amepewa ulimi.

Sasa linganisheni na ada tunayoizungumza. Mkopeshaji ndiye aliyeandika maneno yote, ndiye aliyepanga kiasi, na ndiye ajuaye saa ambayo deni limezaliwa. Mdaiwa hupata habari mwishoni, na fedha zimekwisha kukatwa. Huko Marekani ilithibitika mahakamani mwaka 2010, katika jimbo la California, kwamba benki moja kubwa ilikuwa ikiyapanga malipo ya siku kwa kuanza na lililo kubwa kabisa, ili salio liishe upesi na malipo madogo mengi yazae kila moja ada yake. Jaji aliamuru wateja warudishiwe kiasi cha dola milioni 203. Hapo hakuna tena mambo ya uzembe wa mteja. Upungufu mmoja umefanywa kuwa mingi kwa makusudi.

Wengine watasema: Hii ni ada, si riba. Sisi twajibu kwamba jina halibadili kitu. Ziada inayodaiwa kwa sababu ya fedha iliyotangulizwa ina tabia ya riba, hata ikivishwa nguo gani. Na Kurani Tukufu inapokataza riba yataja hasa ile inayozidishwa maradufu (3:131). Pauni 3 kuzaa pauni 30 si maradufu tu. Ni mara kumi.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu hata sisi ambao hatujapata kukatwa senti moja. Katika kesi ile ya 2009 ilielezwa kwamba ada hizi zilikuwa zaidi ya asilimia 30 ya mapato ya mabenki kutokana na akaunti za watu binafsi, na kwamba kwa sababu hiyo wateja wenye salio la kutosha walihudumiwa bure. Na mamlaka ya kusimamia mambo ya fedha ya nchi hiyo iligundua kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti isiyopangwa zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Maana yake ni nini? Ni kwamba aliyeshiba alikuwa akila bure, na mwenye njaa ndiye akilipa. Mtu aweza kuwa na mikono safi, na kumbe chakula chake kimenunuliwa kwa jasho la jirani yake.

Ni haki kutaja kwamba mambo yalirekebishwa. Tangu 2018 mabenki ya huko yalitakiwa kumwonya mteja kwa ujumbe kabla hajakatwa, na tangu Aprili 2020 ada za mkupuo za ovadrafti zilipigwa marufuku. Lakini mabenki mengi yaliweka riba ya karibu asilimia 40 kwa mwaka. Mlango umebadilishwa rangi. Nyumba ni ile ile.

Wasomaji wetu wa Kenya wataona kwamba jambo hili si la Ulaya peke yake. Tangu Januari 2019 mtumiaji wa M-Pesa aweza kukamilisha malipo asiyo na fedha zake kwa huduma iitwayo Fuliza, yenye ada ya mwanzo ya asilimia moja na ada za kila siku, zilizopunguzwa mwaka 2022. Huyu angalau amejiandikisha mwenyewe, na ujumbe humwonyesha anachodaiwa. Lakini na alizingatie jina lenyewe: katika Kiswahili, kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kusita. Deni nalo ndiyo tabia yake.

Basi afanye nini aliyepatwa na ada asiyoitazamia? Kwanza, asiseme uwongo wala kutukana. Aichunguze hesabu yake, na lililo kosa lake alikubali. Pili, aiandikie benki kwa adabu, aeleze hali yake na kuomba arudishiwe. Kuomba haki si kukosa subira. Huko Uingereza, benki isipomjibu kwa kumridhisha katika wiki nane, aweza kupeleka lalamiko lake bila malipo kwa msuluhishi wa mambo ya fedha aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2000. Tatu, alipe anachodaiwa kwa haki, kwani dawa ya deni kulipa, na Hadhrat Mtume s.a.w. amewasifu walio wema katika kulipa. Nne, aache kiasi kidogo katika akaunti ambacho hakiguswi, na ajue siku ya kila malipo.

Na sisi wengine? Kurani Tukufu yatuamrisha tumpe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na yasema kwamba kumsamehe ni bora zaidi (2:281). Amri hii haikuteremshwa kwa mabenki tu. Yuko jirani aliyepungukiwa pauni 3, au shilingi mia tatu, leo Jumatano. Tukimkopesha bila ziada mpaka Ijumaa, tumemwokoa na pauni 30, nasi hatukupoteza kitu. Wengi huitafuta dhuluma ya dunia katika majumba makubwa ya benki, na kumbe mlango wa kuizuia uko karibu na mlango wao.

Mwenyezi Mungu atukinge na mzigo wa deni, atujaalie uaminifu katika kulipa na huruma katika kudai, na atuepushe na kula haki ya mwingine, hata ikiwa karatasi zote zimetuhalalishia. Amin.