Nani Anachekwa?

Kumsifia mchekeshaji mbele ya wenzio ni kutoa ushahidi wa kimaadili. Katika mabaraza ya Mtwapa, mji wanamokaa pamoja Wamijikenda, Waluo, Wakikuyu na wengineo, wapo wamtangulizao Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki 2018. Wengine humtetea Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*, aliyefariki 2015. Hubishana nani huchekesha zaidi. Swali la msingi, hata hivyo, ni nani anayechekwa.

Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kidholuo, ilhali aliyemwigiza, Benson Wanjau, hakuwa Mluo. Je, lafudhi ya mwenzio yaweza kuazimwa kwa mzaha? Yaweza, iwapo ni vazi tu la mhusika, na kinachochekwa ni kiburi au hila zake, tabia zisizo na kabila. Lakini lafudhi yenyewe inapofanywa kuwa ndiyo kosa, kicheko hugeuka dharau. Mshabiki wa Majuto naye asijione amesalimika: uzee pia huchekwa.

Basi kipimo ni hiki: je, twaweza kumsifia mchekeshaji huyo mbele ya mpangaji mwenzetu mwenye lafudhi ile ile, naye akacheka pasi na kujilazimisha?