Zamu ya Mwigizaji

Katika mchezo wa kuigiza wa kijiji, mwigizaji halipwi, ila hutegemewa. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wakulima na vibarua waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Siku za kazi, kazini. Siku za mapumziko, mazoezini. Mazoezi yalikuwa ya wazi, na wanakijiji walisahihisha maneno ya wahusika. Mwenye maneno mengi alimtegemea mwenye machache. Mwenye machache aliwategemea waitikiaji wa nyimbo. Ni kama mafiga chini ya chungu: likikosekana moja, chakula humwagika. Msikilizaji, kazini leo yuko anayesubiri zamu yako iishe ndipo yake ianze. Itimize kwa wakati.