Deni la Mwenye Mzinga

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nyuki, hilo si fumbo. Kuna mdudu wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, upana wake milimita moja na nusu hivi, bapa kama kaa mdogo, anayejibanza chini ya tumbo la nyuki na kumla akiwa hai. Kwa uwiano wa miili, ni kama wewe utembee na kupe wa ukubwa wa sahani kiunoni. Jina lake la kitaalamu ni Varroa destructor. Wafugaji wanamwita varoa tu, na ukitaka kumweka kwenye ukoo unaoufahamu, ni wa jamii ya utitiri, kama ule unaosumbua kuku.

Nataka kumtumia mdudu huyu kuuliza swali ambalo si la ufugaji. Una nyuki wanaoliwa. Dawa unayo. Unajua pia kwamba dawa hiyo, kadiri inavyowaokoa leo, ndivyo inavyowanyima nafasi ya kujifunza kuishi bila wewe. Utawatibu? Na usipowatibu wakafa, umewaua wewe, au wamekufa tu?

Kwanza tumfahamu mtuhumiwa. Varoa jike huingia kwenye tundu la sega muda mfupi kabla nyuki hawajaliziba kwa nta. Anajificha chini ya chakula cha buu, mlango ukishafungwa anaanza kula na kutaga. Matundu ya madume ndiyo anayoyapenda zaidi, maana dume huchukua siku 24 mpaka kutoka na kibarua 21, na siku za ziada ni watoto wa ziada. Miaka mingi iliaminika kwamba anafyonza damu. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba anachokula hasa ni tishu ya mafuta, ambayo kwa nyuki inafanya kazi nyingi zinazofanana na za ini letu. Akila, anaacha virusi. Nyuki anazaliwa na mabawa yaliyosinyaa kama karatasi iliyolowa, anazungukazunguka mlangoni mwa mzinga, haruki. Basi huyo ndiyo kwisha.

Sasa, amefikaje? Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa huko, Apis cerana, ambao wameishi naye muda mrefu kiasi cha kuzoeana: kwao anazaliana karibu kwenye matundu ya madume peke yake, na kundi linasonga mbele. Ni watu waliopeleka nyuki wa Ulaya Asia, wakawaweka jirani, varoa akahamia kwa mgeni asiyejua kujikinga. Kutoka hapo akafika Marekani mwaka 1987, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997, New Zealand 2000. Kenya alithibitishwa mwaka 2009. Varoa hana mabawa, jamani. Bahari hazivukwi na mdudu wa milimita moja na nusu kwa nguvu zake. Alivushwa, pamoja na malkia waliouzwa na makundi yaliyosafirishwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wakifika kwenye swali la kutibu wanaanza na "tuiachie asili", kana kwamba asili ndiyo iliyoandika hati za usafirishaji.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani, ambako kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya miaka miwili mitatu, walijibu kwa dawa. Vipande vya plastiki vyenye fluvalineti viliningʼinizwa katikati ya masega, varoa wakaanguka kama mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Italia, wakaonekana varoa ambao dawa hiyo haiwafanyi kitu. Tangu hapo ni mbio za kupokezana: amitrazi, thimoli, tindikali ya fomiki, tindikali ya oksaliki. Wengine hukata masega ya madume na kuyatupa yakiwa na varoa ndani. Mfugaji makini hatibu kwa kubahatisha. Anachukua nyuki 300, kama nusu kikombe, anawapaka sukari ya unga, anatikisa, anahesabu walioanguka. Wakifika tisa au zaidi anatibu. Nyuki wenyewe wanarudi mzingani weupe kama waokaji mikate.

Halafu kuna waliokataa. Mwaka 1999, kwenye kisiwa cha Gotland huko Sweden, mtafiti Ingemar Fries na wenzake waliweka makundi 150 ya nyuki, wakayatia varoa, kisha wakayaacha. Bila dawa. Jaribio hilo likapewa jina la utani la Bond, kutokana na Live and Let Die ya Ian Fleming, mzaha ambao mimi naona una ubaridi fulani. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya asilimia 80 ya makundi yalikuwa yamekufa. Yaliyobaki, machache kabisa, yaliendelea kuishi na varoa, na kizazi chake kikawa na uwezo wa kuwapunguza.

Ukisoma hapo haraka, unaona ushindi: acha dhaifu wafe, wenye nguvu watarithi. Ndiyo maana sitaki usome haraka. Kwanza, aliyelipa si aliyeamua. Mtafiti alipata makala, nyuki walipata majira matatu ya baridi. Pili, kundi linalokufa halifi peke yake. Likidhoofika, nyuki wa jirani huja kuliibia asali, na wanarudi kwao na asali pamoja na varoa. Kisiwani hilo lina mpaka. Kijijini, mwenye msimamo wa "sitibu" anaweza kuua mizinga ya mama wa pili yake aliyekopa kuinunua. Msimamo wako safi, hasara ya mwenzako.

Lakini upande wa dawa nao usijipongeze. Mara nyingi anayetibu anatibu asali, si nyuki. Huruma na biashara zimevaa kanzu moja. Australia ilionyesha hilo waziwazi: varoa alipogunduliwa bandari ya Newcastle mwezi Juni 2022, serikali iliteketeza maelfu ya mizinga ndani ya maeneo ya karantini, ikiwemo yenye afya, ili sekta iokoke. Septemba 2023 wakakubali kwamba hatoki tena.

Kinachonipa mimi njia ya kufikiri ni nyuki wa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipita maeneo 24 ya Kenya na kukuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, bila kuona kwamba wingi wake unaendana na udogo wa makundi. Watu hawakuwa wakitibu, na nyuki walikuwepo. Afrika Kusini vilevile: wengi hawakutibu, miaka ya mwanzo makundi yalikufa, kisha hali ikatulia.

Kwa nini? Wapo watakaosema nyuki wa Afrika ni shujaa kwa damu. Kuna ukweli humo, anasafisha majana yaliyougua na kuyatupa nje. Ila ukienda kwenye miombo ya Tabora ukatazama mzinga wa gogo juu ya mti, utaona jambo jingine. Mzinga ule ni nyumba ya kupanga. Nyuki wanaingia wenyewe, hakuna aliyewanunua. Ukame ukija, au wakisumbuliwa, wanahama usijue, na nyuma yao wanaacha masega na varoa waliofungiwa humo. Wanagawanyika mara kwa mara. Msituni wapo wenzao wasiohesabika ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwagusa. Hata Marekani, katika msitu wa Arnot jimbo la New York, Thomas Seeley alihesabu makundi ya mwituni mwaka 1978 kabla ya varoa, na 2002 baada yake, akakuta msongamano uleule. Makundi yale huishi mbalimbali, kwenye mashimo madogo ya miti, na hugawanyika yanapotaka.

Kwa hiyo kutotibu kwetu hakukuwa hekima tuliyoichagua. Kulitokana na kutommiliki nyuki sawasawa. Na hapo ndipo ninapoona deni linakaa. Aliyemchagua nyuki kwa upole na wingi wa asali, akamzuia kugawanyika, akapanga mizinga hamsini bega kwa bega na kuipakia kwenye lori, huyo amemnyangʼanya njia zake za kujiokoa. Hawezi leo kusimama kando akasema asili ijiamulie. Ukimvunja mtu mguu, huwezi kumsifia faida za kutembea. Anadaiwa dawa, na anadaiwa pia kumrudishia uwezo polepole, kwa kuchagua malkia wa makundi yanayojimudu na kuyaondolea malkia yale yasiyojimudu kabla hayajafa, kazi ambayo haina haja ya maiti 120.

Nyinyi wasomaji mtakumbuka jinsi waandishi wanavyopenda kumwita nyuki mahakamani atoe ushahidi juu yetu. Bernard Mandeville alimtumia mwaka 1714 kutetea ubinafsi, wengine wamemtumia kutetea wafalme. Nina hakika kuna mtu atasoma Gotland na kufikiria hospitali, au ruzuku, au wazee. Namwomba aanze kwa kuuliza nani alimvusha mdudu bahari.

Huku kwetu sasa miradi inahimiza mizinga ya kisasa ya masanduku, ipangwe karibu karibu, nyuki wasihame, mavuno yapande. Sipingi, watu wanahitaji kipato na kupanda mti usiku na moshi mkononi si jambo la kumtakia mzazi wako. Ila katika bajeti sanduku lina bei, mavazi yana bei, mashine ya kukamulia asali ina bei, na mstari wa deni hili haumo. Mimi ningekuwa na mizinga miwili ya gogo Sikonge, nisingenunua dawa. Ningekuwa nayo Uppsala, ningenunua kesho asubuhi.