KAZI YA RIZIKI NA AMANA YA KIPAJI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu Waislamu, hivi karibuni tulipanda Runyenjes, mji mdogo ulioko katika njia ya kutoka Embu kwenda Meru, miteremkoni mwa Mlima Kenya, kumzuru jamaa yetu mmoja aliyelowea huko. Waislamu wa huko ni wachache, na pande zote wamezungukwa na mashamba ya kahawa na majani ya chai. Lakini kijana wa nyumba hiyo hachumi kahawa wala chai. Huketi chumbani mwake mbele ya kompyuta, masikioni ametia vidude vya kusikilizia, akiandika neno kwa neno mazungumzo ya watu wa Marekani asiowajua wala hatawaona, akalipwa kwa hesabu ya dakika za sauti alizozimaliza. Asubuhi ni hivyo, jioni ni hivyo, na kesho ni hivyo.

Baada ya sala ya Isha alitwambia ya kwamba yeye ni mtunzi, na ya kwamba moyo wake wafa. Ataka kuiacha kazi hii ateremke Mombasa akatunge tenzi. Na ijulikane kuwa kwa pesa za kazi hii ndiko mamake hupata dawa na nduguye mdogo hulipiwa karo.

Hatukumjibu upesi. Wako katika sisi wazee ambao wangemwambia kuwa utungaji ni upuuzi wa wasio na kazi, na maneno hayo si kweli. Kipaji ni amana, na mwenye kukizika ataulizwa. Lakini mama naye ni amana, na haki yake imetangulia.

Tulimkumbusha habari za Nabii Daud, alayhi salaam. Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akamfunza kufanya deraya, na Mtume wetu (S.A.W.) ametujulisha kuwa alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Basi deraya ni nini? Ni pete ndogo ndogo za chuma, hii kama ile, zaungwa moja moja hata zitimie mamia na mamia. Sijui kama iko kazi ya kuchosha macho kuliko hiyo! Na mkono huo huo ndio wa mwenye Zaburi, ambaye milima na ndege walimsabihi Mola pamoja naye.

Na karibu yetu zaidi, Shaaban Robert wa Tanga alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944, kisha akahamia afisi nyingine za serikali. Hakungoja ukarani umalizike ndipo atunge, bali mashairi yake yalikuwa yakitoka katika gazeti la Mambo Leo naye yu kazini.

Hapo kijana alituonyesha jambo lililotutia hofu. Kwa mlango ule ule wa intaneti aliitwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo, wao watie majina yao, na malipo ni makubwa kuliko ya sauti. Vijana wengi wa Kenya wameingia humo, na wako wajionao kuwa hapo wanatumia kipaji chao. Huu ni ughushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Kazi ya kuchosha iliyo halali ni bora mara elfu.

Twamshukuru Mungu alikuwa amekataa.

Tukamwambia: usiiache kazi, wala usiibe saa za mwenye kukulipa. Jitengee saa moja baada ya Alfajiri, kabla ya kuifungua kompyuta, iwe ya tenzi peke yake. Amali ipendezayo kwa Mola ni ile idumuyo, ingawa ni chache. Na watu wa nyumbani tuliwaonya mbele yake, kwani wao humwona ameketi ndani wakadhani yu bure, mara aitwe kuteka maji, mara atumwe dukani. Mamake alicheka akasema, "Sheikh, hilo ni langu."

Asubuhi tulipokuwa twangoja gari la Embu, alitutilia mkononi daftari lenye beti kumi na mbili. Vina vya beti mbili vimepotoka, nasi tumevitia alama kwa wino mwekundu. Juma lijalo tutamrejeshea, na beti ya kumi na tatu tumeshamdai.