Sahibu wa Baba Yako Safarini

Ndugu zetu waliojiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya wana swali moja ambalo huliuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya watu wengine kuondoka msikitini. Husema: Baba yangu amekasirika tangu nilipofanya baiati, hataki kuniona, je, si haki yangu sasa kumwacha, maadamu yeye ndiye aliyeniacha?

Jibu limo katika Sura Luqman. Humo Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba wazazi wakimshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu, asiwatii katika jambo hilo. Lakini papo hapo anamwamuru akae nao duniani kwa wema. Na neno la Kiarabu lililotumiwa hapo halina maana ya kuvumiliana kwa mbali. Asili yake ni moja na ya neno letu sahibu, yaani mwenzi, mtu mnayefuatana naye. Kijana anayempelekea baba yake fedha kila mwezi wala hakanyagi kwake amefanya jambo jema, ila usahibu bado.

Na usahibu hujulikana safarini. Imesimuliwa kwamba Seyidna Umar r.a. alipomsikia mtu akimsifu mwenzake, alimwuliza kama amewahi kusafiri naye. Alipojibu kwamba hajasafiri naye, akamwambia kuwa basi hamjui. Nyumbani baba ana chumba chake na mtoto ana mlango wa kutokea. Ndani ya gari wote wawili huona njaa saa ile ile, na usingizi ukija huegemeana.

Kijana mmoja wa Morogoro alinisimulia kwamba baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa, hakusema naye kwa miaka minne. Kisha bibi yake akafariki huko upande wa Songea. Ukoo ukakodi gari, na kwa uchache wa nafasi kijana akaketishwa kando ya baba yake. Mikumi walipita kimya. Walipofika Ruaha Mbuyuni watu walishuka kununua vitunguu vya kupikia msibani, na wakati wa Adhuhuri ulikuwa umekwisha ingia. Kijana aliona haya kuomba gari limngoje. Dereva alipopiga honi, baba akasema, “Ngoja. Mtoto huyu hajasali.”

Akatandika kanga ya shangazi yake chini ya mti, akasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili. Aliporudi, baba akamwuliza, bila ya kumtazama usoni, mbona leo amesali kifupi, na zamani nyumbani alikuwa akikawia. Kijana akamweleza kwamba Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri. Mzee akanyamaza mpaka gari likaanza kupanda Kitonga, ndipo akasema, “Hilo ni jema. Safari inachosha.” Kumbe siku zile zote alizodhaniwa kumfumbia macho mwanawe, alikuwa akimtazama akisali!

Mzee yule hakusilimu, angali mzee wa kanisa, ila sasa mwanawe huingia kwake na kula naye. Wengi wetu hukosea hapo. Tukipata saa sita na baba ndani ya gari, twazitumia zote kumhubiria, na kabla hata ya kumwuliza hali ya mguu wake unaomwuma, tumekwisha fungua hoja ya kufa kwa Nabii Isa a.s. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo ina wakati wake.

Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba dua tatu hukubaliwa bila shaka: dua ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mtoto wake. Baba aliye njiani pamoja na mwanawe anazo mbili kati ya hizo!

Tena tazameni hali ya Seyidna Abubakar r.a. Alipohama Makka mwaka 622, alimwacha nyuma baba yake Abu Kuhafa, mzee kipofu asiyeamini. Miaka minane ikapita. Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Seyidna Abubakar r.a. alimshika mzee wake mkono akamwongoza mpaka mbele ya Mtume s.a.w. Naye Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakumwacha mzee nyumbani, ili yeye mwenyewe amwendee. Kisha akamketisha, akampangusa kifua, akamwita kwenye Uislamu. Na mzee akakubali.

Hata nyumba ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. ilionja kungoja huku. Mwanawe mkubwa, Hadhrat Mirza Sultan Ahmad, hakuingia Jumuiyani katika uhai wa baba yake, aliyefariki mwaka 1908. Alifanya baiati mwaka 1930, mkononi mwa ndugu yake mdogo, Khalifa wa Pili r.a.

Basi wewe uliyeniuliza, baba yako yuko mwendo wa siku moja tu kwa basi. Ukisikia kuna harusi au msiba, au kwamba mzee anapelekwa hospitali, jitolee kumsindikiza. Mbebee mfuko wake, mpe kiti cha dirishani. Akiuliza juu ya sala yako mjibu kwa ufupi, kisha mwulize juu ya barabara hiyo ilivyokuwa zamani, ilipokuwa ya vumbi. Na mkianza kuondoka, soma ile dua ya safari aliyotufundisha Mtume s.a.w., ambamo Mwenyezi Mungu Mwenyewe anaitwa Sahibu wa msafiri.